Kabla ya kununua mashine ya kufungashia, mfanyabiashara ahesabu viroba vyake

Mchele unaolimwa Kahama na Mbeya huvuka Rusumo, Mutukula na Kabanga ukiwa ndani ya viroba vyeupe visivyo na jina. Ukifika upande wa pili hufunguliwa, huchekechwa, huondolewa mawe, kisha huingizwa kwenye pakiti za kilo 1 na kilo 5 zenye picha ya sahani inayofuka moshi na jina la kampuni ambayo haijawahi kuona jaruba. Mkulima amekwisha kulipwa bei ya gunia. Mfanyabiashara aliyeuvusha, aliyelala kwenye foleni ya malori na kulipia wapakiaji pande zote mbili, naye amelipwa bei ya gunia na kijifaida kidogo juu ya nauli. Aliyeongeza plastiki na wino ndiye anayeuza kwa bei ya duka kubwa.

Kwa hiyo haishangazi kwamba wenye maghala mipakani wameanza kuulizia mashine za kufungashia. Wanaulizia Kariakoo, wanaulizia Nairobi na Kampala, na wengine wanaagiza moja kwa moja kutoka China baada ya kutazama video kwenye simu. Nia yao ni sahihi. Anayevusha nafaka kwa viroba bila jina ataendelea kuwa mbeba mizigo wa watu wengine. Lakini mkopo wa mashine huanza kudai marejesho mwezi unaofuata, iwe mashine inafanya kazi au imefunikwa turubai, na ndiyo maana namna ya kuichagua ni jambo zito kuliko wauzaji wanavyotaka lionekane.

Mazungumzo ya dukani yanafanana kila mahali. "Mama, hii inapiga pakiti 60 kwa dakika." Mama anauliza, na ikiharibika? "Mama, hii haiharibiki." Hapo ndipo biashara inapofungwa, au inapopaswa kuahirishwa.

Kasi ndiyo kitu cha kwanza kutajwa na ndiyo kitu kinachopaswa kuangaliwa mwishoni. Ghala linalofungasha tani 10 za mchele kwa siku lina pakiti 10,000 za kilo 1. Mashine ya pakiti 60 kwa dakika inazimaliza kwa chini ya saa 3, kisha inakaa bure saa 5 zilizobaki. Mashine ya pakiti 30 kwa dakika, hata ikipoteza theluthi moja ya siku kwa kubadilisha roli, kusafishwa na kungoja umeme urudi, inatoa pakiti 9,600 kwa saa 8, na zilizobaki zinamalizwa kabla wafanyakazi hawajanawa mikono. Tena ni wangapi wenye tani 10 kwa siku? Mwenye lori moja la tani 30 kwa wiki, akigawa kwa siku 6 za kazi, ana tani 5. Huyo, kwa wafanyakazi 7 wenye mizani, upawa na mashine ndogo ya kuziba kwa joto, kila mmoja akitoa pakiti 800 kwa siku, anamaliza mzigo wake bila deni la benki. Akitaka kupunguza mikono na kupata uzito ulio sawa, mizani ya kujaza ya nusu otomatiki pamoja na mashine ya kuziba ya mkanda vinamtosha kwa muda mrefu.

Lipo pia swali ambalo wengi hulikwepa: je, wateja wake wananunua pakiti kweli? Wafanyabiashara wengi wa mpakani huuzia wauzaji wa jumla, shule, migahawa na wachuuzi wa sokoni, na hao wote hununua kiroba cha kilo 25 au 50. Kwa mtu wa namna hiyo mashine ya kwanza kununua siyo ile ya pakiti ndogo inayopendeza kwenye video. Ni mizani ya kujazia viroba yenye tanki juu, mkanda wa kusogeza chini na kichwa cha kushona mwishoni. Mashine za kawaida za aina hiyo hujaza viroba 200 hadi 400 kwa saa. Lori la tani 30 ni viroba 1,200 vya kilo 25, yaani kazi ya saa 4 kwa mwendo wa wastani. Haina madoido, haihitaji roli ya plastiki iliyochapwa, fundi wa cherehani anaweza kuelewa sehemu yake ya kushona, na kiroba kinachotoka kina jina la mwenyewe ubavuni.

Baada ya hapo ndipo mizani. Faida na hasara ya mashine yoyote ya kufungashia imejificha kwenye mizani yake, wala si kwenye kasi. Pakiti ya kilo 1 ikizidi kwa gramu 20 hakuna mteja atakayelalamika. Lakini gramu 20 kwa pakiti 10,000 ni kilo 200 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni tani 5 na kilo 200, sawa na magunia 52 ya kilo 100 yaliyotolewa sadaka kila mwezi bila hata kushukuriwa. Pakiti ikipungua nako kuna adhabu. Utaratibu wa kimataifa wa vipimo, unaofahamika kwa jina la OIML, unaruhusu pakiti moja moja ya kilo 1 ipungue hadi gramu 15, lakini wastani wa mzigo mzima hauruhusiwi kuwa chini ya kilichoandikwa. Mkaguzi wa vipimo akipima kundi la pakiti akakuta wastani uko chini, tatizo ni la mwenye jina kwenye pakiti, hata kama kosa ni la mashine.

Kwa sababu hiyo mnunuzi amwulize muuzaji: mashine hii inapima uzito au inapima ujazo? Mashine za bei nafuu hutumia vikombe. Kikombe kikijaa, kinamwaga. Vikombe havijui uzito. Mchele mzima na mchele uliovunjika haukai sawa ndani ya kikombe kimoja, maharage ya njano ni makubwa kuliko madogo mekundu, na mzigo wenye unyevu una uzito tofauti na mkavu. Anayefungasha bidhaa ileile ya daraja lilelile mwaka mzima anaweza kuishi na vikombe. Mfanyabiashara wa mpakani hayuko hivyo. Leo ana mchele, kesho karanga, msimu wa njaa ana mahindi. Huyo anahitaji mashine inayopima kwa uzito, hata kama ni ya polepole.

Wala hakuna mashine ya kila kitu, ingawa wapo wanaoiuza. Nafaka huteremka yenyewe kwa uzito wake. Unga hauteremki, hujikusanya na kuganda mdomoni mwa tanki, ndiyo maana mashine za unga husukuma kwa parafujo inayozunguka. Dagaa hawapiti kwenye parafujo wakabaki dagaa. Asali na mafuta vinahitaji pampu. Mwenye kuuza mchele na unga anahitaji vijazio viwili juu ya mashine moja, au mashine mbili, na ni heri alijue hilo akiwa bado dukani.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye video ni kinachotangulia. Mashine hufungasha kila kilichomo, mawe nayo. Mteja aliyenunua kwa debe sokoni anajua kwamba atapepeta mwenyewe. Mteja aliyenunua pakiti yenye jina akiuma jiwe analikumbuka jina. Kwa hiyo fedha ya mashine ya kufungashia isitengwe kabla ya fedha ya chekeche na mashine ya kutoa mawe. Mwenye fedha ya kimoja tu anunue ya mawe kwanza.

Na kuna unyevu. Kiroba cha kusukwa kinapumua. Pakiti ya plastiki iliyozibwa kwa joto haipumui. Mahindi ambayo yangevumilia wiki mbili kwenye kiroba yakifungiwa kwenye plastiki yakiwa na unyevu hutoa jasho, hushika ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na sumukuvu kwa jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mita ya kupimia unyevu inaingia mfukoni na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na mashine. Ghala lisilo nayo halijawa tayari kufungasha.

Wafanyabiashara wa Namanga hawahitaji kukumbushwa gharama ya suala hilo. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakajipanga. Siku 5 baadaye zuio likaondolewa, lakini kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kiwango cha sumukuvu, na ijulikane mahindi yametoka eneo gani. Wenye mizigo iliyochanganywa kutoka magulio 10 hawakuwa na jibu la swali hilo la mwisho. Mashine inayochapa namba ya toleo na tarehe kwenye kila kiroba, ikiambatana na daftari linalosema toleo hilo lilinunuliwa wapi na lilipimwa lini, ndilo jibu. Kichapisho hicho kidogo huuzwa kama nyongeza, na wanunuzi wengi hukikataa ili kupunguza bei. Ni kosa. Bora kupunguza kasi kuliko kuacha kichapisho.

Mambo huwa magumu zaidi pale mzigo unapovuka, maana mipaka hii inatenganisha hata namna ya kuhesabu. Gunia la mahindi Kenya ni kilo 90. Tanzania ni kilo 100, na lumbesa, lile gunia lenye kilemba, limepigwa marufuku ingawa bado linaonekana. Unga wa ugali Kenya umezoeleka katika pakiti za kilo 2, zikifungwa 12 kwa bandali moja ya kilo 24. Upande wa Tanzania mteja wa sembe amezoea pia kilo 5, 10 na 25. Anayetaka masoko yote mawili hana budi kuwa na mashine inayobadilika. Hapa kuna siri ya mashine zinazotengeneza pakiti zenyewe kutoka kwenye roli: ile shingo ya chuma ambayo plastiki huizunguka ili iwe mfuko hutoa upana mmoja tu. Urefu wa pakiti unabadilishwa kwa kubonyeza kitufe, upana haubadiliki mpaka shingo ibadilishwe. Mashine ikija na shingo moja, mnunuzi amenunua mashine ya soko moja. Aulize bei ya shingo ya pili na ya tatu, na aulize kuibadilisha kunachukua muda gani. Jibu la "dakika chache" lithibitishwe kwa kumtaka muuzaji aibadilishe papo hapo huku saa ikihesabu.

Roli yenyewe nayo ni mtaji. Plastiki iliyochapwa vizuri huchapwa kwa silinda, kila rangi na silinda yake, na mchapaji hapokei oda ndogo. Mfanyabiashara anayechapa nembo ya rangi 7 yenye maelezo ya nchi moja anajikuta na shehena ya roli ambayo haifai kwa nchi ya pili, kwa kuwa mteja wa Goma anasoma Kifaransa na wa Arusha anasoma Kiswahili. Wenye busara huchapa roli moja yenye nembo, jina na picha, wakaacha nafasi nyeupe ya maelezo yanayobadilika, kisha wakaijaza kwa kichapisho cha mashine au kwa stika. Namba ya mistari myeusi ya kuuzia dukani haihitaji kurudiwa. Inayoanza kwa 620 ya Tanzania au 616 ya Kenya inasomwa na mashine ya duka lolote.

Kuhusu plastiki, kila nchi ina sheria yake. Rwanda ilianza kuzuia mifuko ya plastiki mwaka 2008 na mwaka 2019 ikabana pia plastiki za kutumika mara moja. Kenya ilizuia mifuko ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Zipo nafuu kwa vifungashio vya viwandani, lakini masharti hayafanani, na kibali cha nchi moja hakimlindi mtu kwa jirani. Anayelenga Kigali apate jibu la maandishi kuhusu kifungashio chake kabla ya kuagiza roli, na ikiwezekana achague mashine inayokubali pia karatasi. Si kila mashine inakubali. Viziba joto vya plastiki na vya karatasi vinatofautiana.

Sasa umeme. Mashine kubwa hutaka fezi tatu, na maghala mengi ya mpakani yana fezi moja. Gharama ya kuvuta fezi tatu, pamoja na miezi ya kusubiri, iingizwe kwenye bei ya mashine. Nyingi pia hutumia upepo, kwa hiyo kuna kompresa ya kununua, na kikausha hewa, maana hewa yenye maji huua vali. Umeme unapokatika katikati ya kazi, vyuma vya kuzibia hubaki na moto juu ya plastiki na pakiti huungua. Unaporudi kwa kishindo huua kompyuta ndogo inayoongoza mashine. Stebilaiza si pambo.

Kitakachosimamisha mashine, hata hivyo, mara nyingi si kompyuta. Ni kitambaa cha tefloni kilichotoboka, kisu kilichobutuka, mkanda wa kuvutia plastiki uliolegea, waya wa joto uliokatika, au lile jicho linalosoma alama kwenye roli likiwa limejaa vumbi la pumba. Vyote ni vitu vya fedha kidogo. Kikikosekana kimoja, ghala zima linasubiri kifurushi kutoka ng'ambo kwa wiki kadhaa. Mnunuzi adai vipuri hivyo viwe ndani ya kreti ileile, vya mwaka mzima, vikiorodheshwa kwenye ankara. Adai skrini iwe kwa lugha anayoisoma mwendeshaji wake. Adai nywila za kompyuta ya mashine, kwa sababu wapo wauzaji wanaozificha ili kila marekebisho yapitie kwao. Na sehemu zote zinazogusa chakula ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la 304, si bati lililopakwa rangi ya fedha.

Kabla ya kuagiza mbali, si vibaya kubisha hodi karibu. TEMDO na CAMARTEC ziko Arusha, SIDO iko mikoani, KIRDI iko Nairobi, UIRI iko Kampala. Taasisi hizo haziwezi kushindana na viwanda vya China kwa kila kitu, na mashine ngumu yenye vichwa vingi vya kupimia itatoka nje tu. Lakini tanki, chekeche, mkanda wa kusogeza na meza ya kushonea havina sababu ya kuvuka bahari. Mara nyingine nusu ya bei ya "laini nzima" inayotangazwa ni vyuma ambavyo fundi wa karibu angevichomelea, tena angevitengeneza vikivunjika.

Malipo ya mashine ya kuagizwa huwa asilimia 30 ya kuanzia na asilimia 70 kabla haijapakiwa. Hiyo asilimia 70 ndiyo nguvu pekee aliyonayo mnunuzi, na wengi huiachia baada ya kutumiwa video ya dakika moja. Atume kilo kadhaa za bidhaa yake mwenyewe na kipande cha plastiki anayokusudia kutumia, halafu atake kuona mashine ikifanya kazi saa nzima mfululizo, na pakiti 50 zikipimwa moja moja mbele ya kamera. Muuzaji asiyekubali hilo amejibu swali.

Upande wa forodha, mashine za kufungashia zimo katika kifungu cha 8422 cha ushuru wa pamoja, na mitambo ya uzalishaji kwa kawaida huwa katika kundi la asilimia sifuri. Wengi husikia "sifuri" wakafunga hesabu. VAT bado ipo, asilimia 18 Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, asilimia 16 Kenya. Zipo tozo nyingine za kuingiza mzigo. Na roli na vipuri vina vifungu vyao vyenye viwango vyao. Cheti cha ulinganifu kinachotakiwa na shirika la viwango kitafutwe kabla mzigo haujapakiwa huko unakotoka. Wakala wa forodha aonyeshwe ankara ya awali, asiletewe kontena likiwa limeshafika.

Kuna mtego mwingine hapa, na unawahusu hasa wenye maghala karibu na bandari. Kufungasha peke yake hakubadili uasili wa bidhaa. Kanuni za uasili za Jumuiya za mwaka 2015 zinasema wazi kwamba kazi ndogo kama kupakia tu kwenye mifuko haitoshi kuifanya bidhaa kuwa ya Afrika Mashariki. Mchele kutoka nje ya Jumuiya una ushuru wa pamoja wa asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kile kilicho kikubwa, ingawa kuna nchi zilizojiombea nafuu. Kishawishi cha kuuingiza mchele wa mbali kwenye pakiti yenye picha ya jaruba la nyumbani ni kikubwa, na mashine nzuri hukiongeza. Anayefanya hivyo hajidhuru peke yake. Kila mzigo wa namna hiyo unaokamatwa huwafanya maofisa wafungue viroba vya wakulima wa kweli wa Kahama.

Halafu ipo hatari ambayo benki haiandiki kwenye mkataba. Mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 ukafunguliwa tarehe 31 Januari 2022. Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. Hakuna kati ya maamuzi hayo lililotokana na ubora wa mchele wa mtu. Aliyekopa kwa ajili ya mashine inayotoa pakiti za soko moja ng'ambo ya mpaka mmoja amekopa kwa dhamana ya urafiki wa serikali mbili. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kupendelea mashine ndogo inayobadilika kuliko kubwa isiyobadilika: mlango mmoja ukifungwa, mzigo uweze kugeuzwa kwenda mwingine bila kuchapa roli upya.

Pia ni sababu ya wafanyabiashara kuacha kununua peke yao. Wanawake wanaovusha magunia machache kwa cheti kilichorahisishwa cha uasili, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, hawatamiliki mashine ya kufungashia kila mmoja na hawana haja nayo. Kumi kati yao wakiwa na ghala moja, mizani moja ya kujazia, mita moja ya unyevu na kichapisho kimoja, kila mmoja na namba yake ya toleo, wanakuwa na mzigo wa kuuzia duka kubwa. Ugumu wa jambo hili si wa kiufundi. Ni nani ashike ufunguo, nani alipie kisu kilichobutuka, na mzigo wa nani utangulie siku ya foleni. Wayaandike hayo kabla ya kuchanga.

Itaulizwa kuhusu watu wanaofungasha kwa mikono leo, wengi wao wakiwa kina mama wanaolipwa kwa kiroba. Ni swali la haki na halijibiwi kwa kusema kwamba mashine huleta ajira. Baadhi yao watakosa kazi. Ghala linalokua huhitaji watu zaidi wa kuchambua, kupima unyevu, kukagua uzito na kuendesha mashine, na aliyekaa na mchele miaka 10 anaijua pumba na chenga kuliko kijana mwenye cheti. Mwenye ghala aanze kwao kabla ya kutangaza nafasi.

Serikali nazo zina sehemu yao. Sheria ya Jumuiya ya viwango na vipimo ilipitishwa mwaka 2006, na msingi wake ni kwamba alama ya ubora ya nchi moja itambuliwe na nyingine. Mfanyabiashara aliyefuata kila kitu, akanunua mizani sahihi, akapata alama ya TBS, KEBS au UNBS na kuchapa namba ya toleo, bado hukutana na takwa la mzigo wake kufunguliwa na kupimwa upya, huku maabara ikiwa mji mkuu na lori likilipiwa kila siku ya kusimama. Kiroba kilichofunguliwa kinaweza kushonwa tena palepale. Pakiti iliyopasuliwa haizibiki, kwa kuwa mashine iko upande wa pili wa mpaka. Utaratibu ulivyo unampa nafuu anayevusha viroba visivyo na jina na kumwadhibu aliyefungasha.

Mahali pa kuanzia si pagumu. Vituo vya pamoja vya mpakani vipewe vipimo vya haraka vya sumukuvu vinavyotoa jibu ndani ya saa moja, na jibu la ofisa wa nchi moja likubaliwe na mwenzake aliye meza ya pili ndani ya jengo lilelile. Sampuli ichukuliwe kwa idadi inayojulikana, kwenye pakiti nzima, mwenye mzigo akishuhudia. Zikichukuliwa pakiti 12, apewe hati ya pakiti 12, na lori liondoke.